Muuza mafuta Kariakoo asigeuke mganga wa pumu

Anayenunua mafuta ya kula katika mitaa inayozunguka Soko la Kariakoo, kuanzia Tandamti hadi Mkunguni, siku hizi hauziwi mafuta matupu. Anauziwa na maelezo juu yake. Ataambiwa kuwa haya ya alizeti hayana kolesteroli, yale ya mawese yanaganda mwilini, ya nazi yanafaa kwa ngozi na ya ufuta yanafungua kifua. Akitaja tu kwamba nyumbani ana mtoto mwenye pumu, maelezo yanaongezeka, na bei nayo inaweza kupanda.

Maelezo hayo hayakuzuka hivi hivi. Kwa zaidi ya robo karne wanasayansi wamekuwa wakichunguza iwapo aina ya mafuta anayokula mtu inachangia magonjwa ya mzio, yaani pumu, ukurutu (ambao wengi huuita pumu ya ngozi), mafua yasiyokoma na mzio wa vyakula. Yapo mambo ya maana waliyoyapata. Lakini walichokipata wao na kinachosemwa dukani ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mteja afya ya mtoto wake na mfanyabiashara jina lake.

Mjadala ulishika kasi mwaka 1997, pale watafiti Black na Sharpe walipochapisha hoja yao katika jarida la Ulaya la magonjwa ya mfumo wa kupumua. Waliuliza kwa nini pumu ilikuwa ikiongezeka katika nchi tajiri katika kipindi kile kile ambacho watu walikuwa wameacha siagi ya maziwa na mafuta ya wanyama, wakahamia kwenye majarini na mafuta ya mbegu, huku samaki wenye mafuta wakipungua mezani.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Mafuta yote ya kula yamejengwa kwa asidi za aina mbalimbali. Moja ni asidi ya linoleiki, iliyo katika kundi la omega-6, ambayo imejaa kwenye alizeti, pamba, soya na mahindi. Mwili hugeuza sehemu yake kuwa asidi ya arakidoniki, na kutokana na hiyo hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Kemikali hiyo inaweza kuzisukuma chembe za kinga zitengeneze kwa wingi kingamwili ya IgE, ile inayoufanya mwili upambane na vumbi au chavua kana kwamba umevamiwa na ugonjwa. Samaki wenye mafuta wana omega-3, ambayo hushindania njia hizo hizo mwilini na kuipunguzia omega-6 nguvu.

Mkulima wa alizeti wa Singida akiishia hapo atadhani zao lake limehukumiwa. Halijahukumiwa. Ile ilikuwa hoja iliyotakiwa kupimwa, na vipimo vilivyofuata vimeipunguza makali. Imeonekana, kwa mfano, kuwa mtu mzima akiongeza asidi ya linoleiki kwenye chakula chake, kiwango cha asidi ya arakidoniki mwilini hakipandi sana, kwa sababu mwili una namna yake ya kujizuia. Zaidi ya hapo, alizeti si moja. Mbegu za kawaida hutoa mafuta ambayo karibu asilimia 60 ni asidi ya linoleiki, lakini ziko mbegu zilizozalishwa makusudi ziwe na asidi ya oleiki kwa wingi, aina ile ile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni. Hata mbegu ya kawaida ikikomaa katika joto kali hutoa oleiki zaidi kuliko ile iliyokomaa kwenye baridi.

Hapa ndipo maneno ya dukani yanapojikwaa. Muuzaji anayesema alizeti inatuliza pumu na mawese yanaichochea ameigeuza sayansi juu chini. Kwa hoja ile ya mwaka 1997, mawese, ambayo asidi ya linoleiki ndani yake ni takriban asilimia 10 tu, yangekuwa na kosa dogo kuliko alizeti. Mawese yana shitaka lake jingine, la mafuta mazito na ugonjwa wa moyo, lakini hilo ni faili jingine kabisa. Anayechanganya mafaili hayo mawili ili auze dumu moja zaidi hamsaidii mteja, wala hamsaidii mkulima.

Biashara iliyo nyuma ya maneno

Si vigumu kuelewa kwa nini maneno haya yameshika. Hadi mwaka 2021 takwimu za Serikali zilikuwa zikionyesha kuwa nchi inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, wakati uzalishaji wa ndani ulikuwa takriban tani 205,000. Pengo hilo lilizibwa hasa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35. Msimu wa 2021/22 Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, akapeleka mbegu za ruzuku za alizeti Dodoma, Singida na Simiyu.

Kwa hiyo alizeti ya nyumbani iliingia sokoni ikiwa na bei ya juu mbele ya mawese ya meli, na silaha iliyokuwa karibu ilikuwa ni kuisifia kwa afya. Sifa nyingine ni za haki. Mafuta yaliyokamuliwa mkoani mwezi uliopita, yakajulikana yametoka kwa nani, yana heshima yake. Tatizo ni pale sifa inapovuka mpaka na kuwa tiba. Na kuna tatizo la pili ambalo wauzaji wenyewe hulinong'ona: dumu lenye picha ya ua la alizeti halina uhakika wa kuwa na alizeti tupu ndani yake. Mteja anayelipa zaidi kwa ajili ya kifua cha mtoto, akapewa mchanganyiko, ameibiwa mara mbili.

Samaki ana ushahidi, lakini si muujiza

Upande wa samaki habari ni nzito zaidi. Mwaka 2016 madaktari wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio la wajawazito 736. Nusu walipewa vidonge vya mafuta ya samaki, gramu 2.4 za omega-3 kila siku kuanzia wiki ya 24 ya ujauzito, na nusu wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua nani kapata nini. Watoto wao walifuatiliwa kwa miaka. Walioishia kuwa na pumu au kifua cha kukoroma kisichokoma walikuwa asilimia 16.9 kwa waliopewa mafuta ya samaki na asilimia 23.7 kwa wengine. Faida ilionekana zaidi kwa watoto ambao mama zao walianza wakiwa na omega-3 kidogo sana kwenye damu. Kwa maneno mengine, kilichosaidia hasa kilikuwa ni kuziba upungufu.

Hata hivyo, Australia walifanya jaribio la namna hiyo na kutoa matokeo mwaka 2012 kwa watoto 706 wenye historia ya mzio katika familia, na kwa ujumla mzio haukupungua katika mwaka wao wa kwanza, ingawa ukurutu wa mzio na mzio wa yai vilishuka. Na kwa watu ambao tayari wana pumu, majaribio ya kuwapa mafuta ya samaki ili wapone hayajaonyesha faida ya kutegemewa. Kipimo cha gramu 2.4 nacho si mchezo. Ni dozi kubwa kupita kile ambacho familia ya kawaida hupata kwenye sahani.

Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu, basi, ni kidogo lakini kina uzito: mama mjamzito asiyekula samaki kabisa ana sababu ya kumrudisha mezani, na mgonjwa wa pumu hana sababu ya kuacha dawa yake kwa ajili ya samaki wala mafuta ya aina yoyote.

Tanzania nayo ina ushahidi wake, na inashangaza jinsi unavyotajwa mara chache sokoni. Aprili 2025 watafiti wa Kilimanjaro wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya njema. Wa vijijini waliohamishiwa mlo wa kizungu, wenye vyakula vingi vilivyosindikwa, kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, na chembe zao za kinga zikapoteza sehemu ya uwezo wa kukabili vijidudu. Wa mjini waliorudishiwa mlo wa asili wenye mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi na nafaka walionyesha kinyume chake. Kundi jingine lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya namna hiyo. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Jaribio lile halikupima pumu wala ukurutu, na asitokee wa kulibandika kwenye chupa ya mafuta. Lakini linasema jambo ambalo muuza mafuta hapendi kulisikia: mwili uliitikia mlo mzima. Mboga, kunde, nafaka, kinywaji kilichochacha na mafuta vyote vilikuwa kwenye sahani moja. Nako Uganda, uchunguzi wa watoto wa shule wa wilaya ya Wakiso uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba waliozaliwa mjini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini, hata wote walipokuwa wakiishi eneo moja. Mjini kuna mengi kwa pamoja: hewa, nyumba, magari, na chakula. Mafuta peke yake hayawezi kubebeshwa mzigo wote huo.

Moshi wa kikaango

Jioni ikiingia Msimbazi na Mtaa wa Congo, vibanda vya chipsi huwashwa. Mafuta ya jana yanaongezewa ya leo, viazi vinatumbukia, moshi unatanda hadi barabarani. Anayepita hapo akakohoa atasema mafuta yale yana aleji. Pengine anakosea. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi hutoa moshi wenye akrolini, kemikali inayowasha macho na koo, na juu yake kuna moshi wa mkaa. Mwenye pumu anabanwa na moshi huo hata kama hajala chipsi moja. Aliyeko hatarini kuliko wote ni kijana anayekaanga, anayesimama juu ya kikaango saa nyingi kila siku. Kumwaga mafuta yakishakuwa meusi na kuhamisha jiko mahali penye upepo ni jambo ambalo halihitaji utafiti wa Denmark.

Mjadala wa alizeti na mawese umesahaulisha jambo jingine. Kinachoondoka kwenye sahani ya Kariakoo ni dagaa. Ni samaki mdogo, huliwa mzima, ana omega-3 zile zile za vidonge vinavyouzwa kwa bei mbaya katika maduka ya dawa, na hupimwa kwa kopo ili hata mwenye fedha kidogo apate. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria leo huishia kwenye chakula cha kuku. Wafugaji nao wanahitaji, hilo halina ubishi, lakini sababu mojawapo ya dagaa kwenda kwa kuku ni ubora: aliyeanikwa mchangani hana wa kumla isipokuwa kuku. Aliyeanikwa kwenye chanja hupata bei ya binadamu. Omega-3 nayo huharibika upesi ikikaa juani na hewani, na dagaa mwenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha ameshapoteza sehemu ya kile alichonunuliwa. Mfanyabiashara anayeweka gunia lake kivulini, akalifunika, akauza la zamani kwanza, anauza kitu halisi. Na mpishi anayemtia dagaa kwenye mchuzi anabakisha zaidi kuliko anayemzamisha kwenye mafuta ya kukaangia.

Kwa wauza vibua na jodari wanaotoka Feri asubuhi kuna tahadhari yao. Samaki wa jamii hiyo wasipowekwa barafu, bakteria hutengeneza histamini kwenye minofu, na mlaji hupata vipele, uso kuwa mwekundu na moyo kwenda mbio. Huapa kuwa ana aleji ya samaki na hali samaki tena maisha yake yote, kumbe kosa lilikuwa ni barafu. Kupika hakuiondoi histamini hiyo. Kwa bei ya barafu ya siku moja, muuzaji amepoteza mteja wa maisha.

Karanga na ufuta: hapa tahadhari ni ya kweli

Upo mzio mmoja ambao unahusu mafuta moja kwa moja, nao ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote. Mtu mwenye mzio wa karanga hudhuriwa na protini ya karanga, siyo na mafuta yake. Mwaka 1997, watafiti wa Uingereza waliwajaribu watu 60 wenye mzio huo. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa kiwandani hayakumdhuru hata mmoja. Yaliyokamuliwa bila kusafishwa yaliwadhuru sita.

Sasa mashine ndogo za kukamua za mikoani na zile za mjini hutoa mafuta yasiyosafishwa, na hiyo ndiyo sifa yake: harufu, rangi, ladha. Mashine hiyo hiyo asubuhi hukamua karanga, mchana ufuta, jioni alizeti. Mabaki ya mashudu hubaki ndani. Ufuta nao umepanda daraja la tahadhari duniani. Marekani ililazimisha utajwe kwenye vifungashio kuanzia Januari 1, 2023. Mkulima wa Lindi anayelenga soko la nje analo hilo la kuzingatia, na mkamuaji wa Dar es Salaam anayejaza chupa za alizeti anapaswa kujua kilichopita kwenye mashine kabla ya alizeti.

Hili haliwahusu wakamuaji tu. Mama mjasiriamali anayesaga unga wa lishe na kuupeleka maduka ya Kariakoo huchanganya karanga, soya, ngano, mara nyingine ufuta na hata dagaa. Anaposaka alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, orodha ya viambato huonekana kama usumbufu wa karatasi. Kwa mzazi wa mtoto mwenye mzio, mstari huo mmoja ndio unaoamua kama ataununua au la. "Unga wa lishe wa nafaka mchanganyiko" haumwambii kitu.

Wala isije ikaonekana kuwa karanga ni sumu. Jaribio la London lililotangazwa mwaka 2015, lililohusu watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, lilionyesha kuwa walioanza kula vyakula vya karanga mapema, kati ya miezi minne na 11, walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo sana kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Uji wenye karanga ambao mama za Dodoma na Tabora wamekuwa wakiwapa watoto haukuwa na kosa. Kosa ni kumficha anayenunua.

Yote haya yanarudi kwenye lile duka la Mkunguni. Pumu inaua, na inaua haraka pale mgonjwa anapoacha dawa yake ya kuvuta kwa kuamini kuwa amepata kilicho bora zaidi kwenye chupa. Muuzaji aliyemshauri mteja hivyo hatashitakiwa popote, lakini mtaa utajua. Wafanyabiashara waliotawanywa na moto wa Soko Kuu wa Julai 10, 2021 waliona nani alifuatwa na wateja wake hadi alikohamia na nani alisahauliwa.

Mama mwenye mtoto anayebanwa kifua akiuliza mafuta yapi yanamfaa, muuzaji ana majibu ya kutosha bila kuongeza chumvi. Anaweza kumwambia haya ni ya alizeti tupu, yametoka Singida, yalikamuliwa mwezi uliopita na mashine ile ile hukamua karanga. Anaweza kumwonyesha muuza dagaa wa chanja aliye mlango wa tatu. Na kuhusu kifua chenyewe, Hospitali ya Mnazi Mmoja inafikika kwa miguu kutoka hapo.